Baiskeli na Mvua: Niliyoyaona Jinja na Mbale

 

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike juu ya safari yangu ya likizo kule mashariki ya Uganda, katika miji ya Jinja na Mbale. Nimekubali, ila sitaandika kuhusu Mto Nile na milima peke yake. Nitaandika hasa juu ya kitu ambacho karibu kila nyumba hapa kambini inakitegemea, kiwe cha kwao au cha kuazima kwa jirani: baiskeli. Sisi tuliotoka Kongo tunaiita kinga, wenyeji wanaiita gaali, lakini kazi ni ile ile. Inaleta maji, inapeleka mgonjwa, inabeba mgao wa chakula, inapeleka mtoto shule.

Nimechagua habari hii kwa sababu mvua imeshaanza. Mwezi uliopita watoto wawili wa nyumba moja wamekosa shule yetu kwa ajili ya baiskeli. Mkubwa alianguka kwenye mteremko wa kisimani akavunjika mkono. Mdogo wake alikuwa amekaa nyuma kwenye keria, na kisigino chake kiliingia kwenye spoku. Wote wawili wanaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Lakini mambo kama hayo yanazuilika, na kule nilikokwenda nimekuta watu wanaojua namna ya kuyazuia bila kutumia pesa nyingi.

Ndugu zetu waliohamia Kanada na Norwe wanatuandikia kwamba huko wakati wa baridi kuna theluji na barafu barabarani, na wengine wanabadilisha hata matairi ya baiskeli. Sisi hatuna theluji. Sisi tuna matope, na matope hayana huruma.

JINJA, MJI WA ZIWANI

Kutoka Kampala mpaka Jinja ni kama kilomita 80. Nilipanda taksi ya watu 14. Unapita Mukono, halafu Lugazi kwenye miwa, halafu unaingia msitu wa Mabira, miti mirefu huku na huku. Ukikaribia Jinja unavuka Nile juu ya daraja jipya lililofunguliwa mwezi wa Oktoba 2018, lile lenye nyaya ndefu kama mkono uliofungua vidole. Zamani magari yote yalipita juu ya bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale. Bwawa hilo lilizinduliwa mwaka 1954, na maji yake yaliyafunika maporomoko ya Ripon, pale Nile ilipokuwa inatoka ziwani. Neno Jinja lenyewe linatokana na mawe. Wazee wanasema ni kwa ajili ya miamba ya mahali pale pa kuvukia.

Mji una barabara pana, na sehemu nyingi ni tambarare. Hapo ndipo utaelewa kwa nini baiskeli ilipata nguvu sana Jinja. Kwa miaka mingi watu wa mji walisafiri kwa baiskeli za abiria, zile zenye mto laini nyuma na vyuma vya kukanyagia miguu. Siku hizi pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini baiskeli hazijaisha. Utaziona zinatoka Masese, upande wa ziwa, na samaki kwenye vikapu. Utaziona zimebeba ndizi, makaa na jerikeni. Tena Jinja ndiko yalipo makao ya FABIO, shirika ambalo kazi yake ni baiskeli tu, pamoja na baiskeli za kuvuta machela ya wagonjwa vijijini.

Sasa mvua ya Jinja. Mji uko kwenye ukingo wa ziwa Victoria, na ziwa linatengeneza mvua yake lenyewe. Asubuhi jua kali, mchana unaona wingu jeusi limesimama juu ya maji, na kabla hujamaliza kunywa chai mvua imekufikia. Siku yangu ya pili mjini ilininyeshea karibu na soko, nikaingia chini ya baraza la fundi mmoja wa baiskeli. Waendesha baiskeli nao wakaingia, kama watu kumi. Nilipokuwa nasubiri niliangalia wanafanya nini.

Kwanza, hakuna aliyeendelea kupanda wakati mvua inapiga kwa nguvu. Hata mmoja. Pili, kila mtu alitoa kaveera mfukoni akaifunga juu ya siti. Tatu, mvua ilipokatika hawakuondoka mbio. Kila mmoja aliinua gurudumu lake, akalizungusha, akakamata breki. Akazungusha tena, akakamata tena. Ndipo akapanda.

Nikamuuliza yule fundi, mzee wa makamo, "Mzee, mbona wote wanafanya hivyo?"

Akacheka. "Mwalimu, watu wanafikiri mvua inaharibu tairi. Hapana. Mvua inaanza na breki."

Akanionyesha. Baiskeli zetu nyingi, Hero, Roadmaster, Phoenix, zina rimu za chuma kinachong'aa, na breki ni vipande vya mpira vinavyobana ile rimu. Rimu ikiwa kavu, mpira unashika. Rimu ikilowa, maji yanakaa kati ya mpira na chuma, na mpira unateleza. Unakamata breki lakini baiskeli inaendelea kama haijasikia. Gurudumu lazima lizunguke mara kadhaa, mpira ufute maji, ndipo breki ianze kushika. Wakati huo wewe umeshafika kwenye shimo, au kwa mtoto aliyekatiza njia.

Kwa hiyo dereva wa Jinja anakamata breki mapema na kidogo kidogo, ili kufuta maji, halafu ndipo anabana kwa nguvu. Na hasubiri mpaka kwenye kona. Anapunguza mwendo kabla ya kona, kwenye kona anaachilia gurudumu lipite lenyewe. Kukamata breki katikati ya kona yenye maji ni kujitupa chini.

Kitu kingine alichonifundisha: usipake oili kwenye rimu hata tone moja. Kuna watu wanaosafisha baiskeli nzima kwa kitambaa kimoja chenye oili, cheni mpaka rimu, ili ing'ae. Inang'aa kweli, ila haisimami.

NJIA YA MALORI

Kutoka Jinja nilielekea Mbale. Mwanzo unafuata barabara kuu kupita Bugembe, halafu Kakira kwenye kiwanda cha sukari, mpaka Iganga. Hii ndiyo barabara inayoleta mizigo kutoka bandari ya Mombasa kwenda Kampala, Kigali mpaka Kongo kwetu. Malori ni mengi usiku na mchana. Karibu na Kakira kuna pia matrekta ya miwa, na miwa ikidondoka barabarani ikakanyagwa, ikanyeshewa, inateleza vibaya.

Hapo naomba niwaambie neno moja hasa sisi tuliotoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kule kwetu tulizoea kupita upande wa kulia. Uganda, sawa na Kenya na Tanzania, watu wanapita kushoto. Mkubwa ameshazoea, lakini wakati wa hofu mwili unarudia mazoea ya zamani. Lori linapiga honi, mvua inapiga usoni, na mtu anakwepa kwenda kulia, ndiyo katikati ya barabara! Wazazi, wafundisheni watoto na wageni wanaofika sasa: kushoto, kushoto, kushoto. Ukikwepa, kwepa kwenda kushoto.

Kwenye barabara hiyo niliangalia kupitia dirishani namna waendesha baiskeli wanavyoishi na malori. Wakisikia lori nyuma wanatoka kwenye lami mapema, hawabishani nalo. Wakati wa mvua lori linarusha maji machafu yanayokuziba macho, na upepo wake unakusukuma. Lakini kutoka kwenye lami nako kuna ujuzi wake. Ukingo wa lami mara nyingi umekatika, uko juu kuliko udongo kama upana wa kiganja. Ukiteremka wakati gurudumu linatembea sambamba na ule ukingo, tairi linanaswa na unaanguka, tena unaweza kuangukia upande wa lori. Wao wanapunguza mwendo, wanakata ukingo kwa kuuelekea, au wanashuka kabisa na kuisukuma baiskeli.

Ukipita Iganga kidogo, pale Nakalama, njia zinagawanyika. Ya kulia inakwenda Bugiri mpaka mpakani Busia na Malaba. Ya kushoto inakwenda Tirinyi mpaka Mbale. Nilipofika njia panda ile nilikumbuka historia ambayo vijana wengi hawaijui. Neno boda boda tunalolitumia kila siku lilizaliwa huko mpakani. Tangu miaka ya 1960, pale Busia, kati ya kituo cha Uganda na kituo cha Kenya kulikuwa na mwendo ambao watu walitembea kwa mguu na mizigo yao. Vijana wenye baiskeli wakaanza kuwavusha, wakiita abiria, "Boda! Boda!" yaani kutoka mpaka mpaka mpaka mwingine. Pikipiki zilikuja baadaye, kuanzia miaka ya 1990, zikachukua na jina. Kwa hiyo watu wa mashariki ndio wazee wa kazi hii. Wanachosema juu ya baiskeli tukisikilize.

TIRINYI: MPUNGA NA MATOPE

Barabara ya Tirinyi inapita Namutumba, halafu inavuka mabwawa ya mto Mpologoma. Lami imeinuliwa juu kama tuta, na pande zote mbili ni maji, mafunjo na mashamba ya mpunga. Ukiangalia kutoka kwenye gari ni pazuri sana. Ndege weupe wamesimama ndani ya mpunga, na mbali unaanza kuona mlima Elgon kama ukuta wa bluu.

Lakini yule anayetoka shambani na gunia la mpunga kwenye keria hana habari na uzuri huo. Yeye anapambana na udongo. Udongo wa huko ukinyeshewa unashika kila kitu. Unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Gari letu lilisimama kushusha abiria, nikaona kila baiskeli iliyotoka kwenye njia ya shamba ina kijiti kimefungwa kwenye fremu. Nikamuuliza mama mmoja aliyekaa karibu yangu kijiti ni cha nini. Akasema, "Hicho ndicho ufunguo wa mvua." Kila baada ya hatua kadhaa mtu anasimama, anachokoa matope, anaendelea. Wengine wanavua madigadi kabisa wakati wa mvua, wanakubali kuchafuka mgongo.

Na wengi hawakuwa wamepanda. Walikuwa wanasukuma. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mzigo. Wanaume wenye nguvu zao, wanasukuma pole pole. Hakuna aliyewacheka.

Hesabu yenyewe inawaunga mkono. Jerikeni moja ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Ukifunga nne ni kilo 80, na wewe mwenyewe labda kilo 60. Jumla ni kilo 140, na kinachozuia uzito wote huo kwenye mteremko ni vipande vinne vya mpira vidogo kuliko kiberiti. Vikilowa, ni nini kitakuzuia?

MBALE CHINI YA MLIMA

Mbale uko chini ya mlima Elgon, ambao wenyeji Wagisu wanauita Masaba. Kilele chake kina mita 4,321. Juu ya mji kabisa umesimama mlima wa Wanale, mwamba mrefu, na mvua ikinyesha unaona maji yanaanguka kutoka juu kama nyuzi nyeupe. Katikati ya mji kuna mnara wa saa, kila mtu anakuelekeza kuanzia hapo. Nilifurahi kwamba Mbale, kwa kuwa ni karibu na Kenya, nilipata wengi wa kuongea nao Kiswahili.

Mvua ya Mbale si kama ya kwetu ya kuja na kwenda. Kuanzia mwezi wa nne mpaka wa kumi haikauki sana, kwa sababu mlima unayavuta mawingu. Inanyesha juu, watu wa chini wako kwenye jua, halafu mto unajaa ghafla. Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika mjini, na watu zaidi ya 20 walikufa. Huko juu Bududa, mwezi wa Machi 2010, udongo wa mlima uliporomoka na mamia ya watu wakafa au kupotea. Kwa hiyo mtu wa Mbale akiona maji yanapita juu ya daraja au juu ya njia, hajaribu. Anasubiri hata saa tatu. Maji yanayotiririka hata kama yanafika chini ya goti tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na baiskeli ndiyo inampa maji mahali pa kusukuma. Tena huwezi kuona kama barabara bado ipo chini yake.

Huko Mbale niliona kazi kubwa kuliko zote za baiskeli: kuteremsha ndizi kutoka mlimani. Mtu anafunga mikungu mingi, mingine inazidi urefu wake, na njia inashuka kona kwa kona. Nilikumbuka chukudu zetu za Goma, zile za mbao, ambazo dereva anakanyaga kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma ili kupunguza mwendo. Goma wameijengea chukudu sanamu, na inastahili. Lakini hata hodari wa chukudu anajua kuna mteremko wa kupanda na mteremko wa kushuka na kushikilia. Watu wa mlimani Mbale ni hivyo hivyo. Njia ikilowa wanatembea kando ya baiskeli, wanaizuia kwa mwili wao, breki zikiwa msaada tu.

Nilimuuliza kijana mmoja aliyekuwa amepumzika na ndizi zake, kama si hasara ya muda. Akaniambia, "Teacher, ndizi zikichelewa zinauzwa. Mimi nikianguka siuziki."

Maneno haya nimeyaleta nyumbani. Nadhani ndiyo yote niliyotaka kuwaambia. Huko ambako baiskeli ilianza kubeba watu, wenye ujuzi ndio wanaoshuka kwanza. Hapa kwetu ni kinyume. Vijana wanaona kushuka ni aibu, wanashindana kuteremka kisimani wakati matope yanang'aa. Na wazazi tunawatuma kwa haraka, "Kimbia, maji yataisha!" Tuwe wakweli, haraka ile inatoka kwetu wakubwa.

RADI

Kuna hatari moja ambayo watu hawaifikirii wanapoongea juu ya baiskeli. Uganda ni nchi ya radi nyingi, na sisi wakimbizi tunalijua jambo hili kwa uchungu. Tarehe 2 Novemba 2024, katika makazi ya Palabek wilayani Lamwo, radi iliwapiga wenzetu waliokuwa wamekusanyika kusali. Watu 14 walikufa, wengi wao watoto, na 34 waliumia.

Ukiwa kwenye baiskeli uwanjani, wewe ndiye mrefu kuliko vyote vilivyo karibu. Ukiona mwanga wa radi, anza kuhesabu. Ngurumo ikifika kabla hujamaliza hesabu ya 30, radi iko karibu. Iache baiskeli, uende mbali nayo, uingie kwenye nyumba ya kweli, yenye kuta na paa, au ndani ya gari lililofungwa. Usisimame chini ya mwembe au mti ulio peke yake. Kibanda cha nguzo na mabati tu si kinga. Baada ya ngurumo ya mwisho subirini nusu saa kabla ya kutoka.

TUFANYE NINI HAPA KAMBINI

Nimekusanya yale niliyofundishwa na mafundi wa Jinja na Mbale. Baba au mama anayeweza kusoma amsomee asiyeweza.

1. Breki. Kabla ya kupanda, zungusha gurudumu na ukamate breki, mbele na nyuma. Mpira ukiwa umebaki mwembamba mpaka chuma kinakaribia rimu, badilisha. Futa rimu kwa kitambaa kikavu kisicho na oili. Ukiwa njiani tumia breki zote mbili pamoja. Breki ya mbele peke yake kwenye matope inakutupa.

2. Cheni. Mvua inaosha oili na kutu inaanza usiku ule ule. Ukifika nyumbani futa cheni kwa kitambaa, ikauke, tia matone machache ya oili huku unazungusha pedali kurudi nyuma, halafu futa iliyozidi. Oili nyingi inashika mchanga, na mchanga unakula meno. Mafuta ya kupikia yasitumike, yanaganda kama gundi.

3. Grisi. Mwanzo wa mvua na mwisho wa mvua, mpe fundi afungue vikombe vya gololi kwenye magurudumu na kwenye pedali, asafishe, atie grisi mpya. Ukisikia gurudumu linasaga kama kinu, maji yameshaingia.

4. Tairi. Tairi lililoisha meno halifai kwenye matope. Likiwa huna la kubadilisha, lile zuri zaidi liweke mbele, kwa sababu gurudumu la mbele likiteleza huwezi kujiokoa.

5. Miguu ya watoto. Hii nawasihi sana. Kisigino cha mtoto kinaingia kwenye spoku kwa sekunde moja, na jeraha lake linachukua wiki nyingi kupona. Kata jerikeni iliyotoboka, chukua kile kipande cha plastiki, kifunge kwa waya pande mbili za gurudumu la nyuma kufunika spoku. Weka vyuma au mti wa kukanyagia miguu. Mtoto mchanga asibebwe mgongoni na abiria kwenye njia ya matope. Kinamama wanaokaa upande, funga kitenge kisininginie, na koti la mvua vile vile.

6. Mwavuli. Mtu mmoja hawezi kushika mwavuli na breki mbili. Chagua breki.

7. Kuonekana. Mvua ikinyesha dereva wa gari haoni vizuri. Vaa nguo nyeupe au ya njano. Shona kitambaa kinachong'aa nyuma ya begi la mtoto wa shule. Tochi ndogo ifungwe mbele, na kioo chekundu nyuma kisafishwe matope. Ukipata kofia ngumu, vaa.

8. Mzigo. Wakati wa mvua punguza jerikeni. Mbili chini, kila upande moja, ni salama kuliko nne zilizopanda juu. Rudi mara ya pili.

9. Ukianguka. Osha jeraha kwa maji safi mengi na sabuni, usipake majani wala oili. Nenda kituo cha afya ukaulize sindano ya pepopunda. Mtu aliyegonga kichwa akatapika, akalala lala au akaongea bila mpango, apelekwe mara moja hata kama anasema amepona.

TANGAZO

Nimeongea na kamati ya wazazi na mafundi wawili wa hapa kwetu. Jumamosi mbili za kwanza za mwezi ujao, kuanzia saa tatu asubuhi, mafundi watakaa mbele ya madarasa ya shule yetu na spana, pampu na grisi. Kila mwenye baiskeli aje nayo. Fundi hatadai malipo ya kazi, utaleta mpira wako wa breki kama unahitaji mpya. Wanafunzi wa darasa la sita na la saba watajifunza hapo hapo. Leteni pia jerikeni zilizotoboka, tutazikata kuwa vifuniko vya spoku, tutaanza na baiskeli zinazobeba watoto wadogo. Mvua ikinyesha siku hiyo tutaingia darasani, tutafundishana ndani.

Yule mwanafunzi aliyevunjika mkono ameniambia atakuja. Hawezi kushika spana bado, lakini anasema ataonyesha wenzake mahali pa kushuka kwenye mteremko wa kisimani. Tumekubaliana tuweke alama pale, jiwe kubwa lililopakwa chokaa. Ukilifika, shuka. Mkubwa na mdogo, mwenye mzigo na asiye na mzigo.

Mungu atulinde msimu huu.

Mwalimu wenu wa kujitolea